Kishikwambi cha laini au hotspoti: kwanza niambie simu iko wapi

Ingia duka lolote la simu Kariakoo uulizie kishikwambi. Kabla hujatajiwa bei utaulizwa, "Dada, unataka cha laini au cha Wi-Fi tu?" Ukibabaika, muuzaji atakushushia cha laini, maana ndicho chenye bei. Ukiwa umeongozana na shemeji anayejuajua mambo ya teknolojia, atakuvuta pembeni: chukua cha Wi-Fi, hotspoti si unayo kwenye simu, ile ya kurusha data yake kama Wi-Fi? Wote wawili wana hoja. Ila hakuna aliyeuliza swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: hicho kishikwambi kitakuwa mkononi mwa nani, na simu ya mtu huyo itakuwa wapi muda huo?

Mimi nasimamia wadadisi wa tafiti. Tunapita kaya kwa kaya vijijini, leo Kilosa, mwezi ujao Handeni, tukiuliza watu wanalima nini, wanakula nini, maji wanateka wapi. Madodoso ya karatasi tumeyaaga siku nyingi. Watanzania wengi walikiona kishikwambi kazini kwa mara ya kwanza kwenye Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita navyo majumbani, na baadaye vikaishia mikononi mwa walimu. Kenya walikuwa wametangulia na sensa yao ya 2019. Sisi wa tafiti ndogondogo tulikuwa navyo kabla ya hapo, kwa hiyo hili suala la laini au hotspoti nimelibishania na wahasibu wa miradi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Cha kwangu binafsi ni cha Wi-Fi tu na sina mpango wa kukibadilisha. Timu yangu nataka wapewe vya laini. Mama yangu Korogwe nimemnunulia cha laini. Mtu akisikia hivyo anadhani najipinga mwenyewe.

Bei nisiipitie juujuu. iPad ya kwanza ilipotoka mwaka 2010, ya Wi-Fi ilianzia dola 499 na yenye 3G ilianzia dola 629. Dola 130 kwa ajili ya tundu la laini na vyombo vya redio vilivyo nyuma yake. Miaka 12 baadaye, kwenye iPad ya kizazi cha 10, pengo lilikuwa dola 150. Kwenye Samsung za bei ya chini kama Galaxy Tab A9 pengo linapungua sana, ila lipo. Hiyo unalipa mara moja na maisha yanaendelea. Gharama inayouma ni ya bando.

Kwetu data tunailipia kabla, na ina siku yake ya kufa: bando la siku, la wiki, la mwezi. Mwenye laini mbili za data ana mabando mawili yanayokimbizana na saa. Jumapili usiku la simu limeisha, la kishikwambi limebaki na GB kadhaa zinazokufa saa sita kamili. Nimeshaona mtu kawasha hotspoti kwenye kishikwambi ili simu ndiyo izitumie, wazo la dukani limegeuzwa miguu juu. Hotspoti ya simu inaondoa adha hiyo: bando moja, kifurushi kikubwa kidogo, na kwa kawaida kadiri kifurushi kinavyokuwa kikubwa ndivyo kila GB inavyokuwa nafuu.

Kwa hiyo kwa mtu kama mimi, anayekaa na simu yake muda wote na kishikwambi chake kwenye mkoba huohuo, hotspoti inatosha. Nasoma ripoti, najibu barua pepe, naangalia takwimu zilizoingia. WhatsApp nayo haihitaji namba ya pili: tangu 2023 kishikwambi cha Android kinaunganishwa kwenye akaunti ya simu kama kompyuta inavyounganishwa, na kwa iPad programu yake rasmi ilitoka Mei 2025. Kabla ya hapo kulikuwa na watu wanaoweka laini kwenye kishikwambi kwa ajili ya WhatsApp peke yake.

Lakini hotspoti ina tabia zake, na mbili zinahitaji uzijue kabla hazijakula hela yako.

Ya kwanza, kishikwambi kikiona Wi-Fi kinadhani kimefika nyumbani kwa tajiri. Hakijui kwamba hiyo Wi-Fi ni bando lako la elfu mbili. Kinaanza kupakua masasisho ya programu, kinapandisha picha zote za wiki mawinguni, WhatsApp inashusha kila video ya kundi la ukoo. Unakunywa chai, unageuka, ujumbe umeingia: umetumia asilimia mia ya kifurushi chako. Vifaa vya Android vikiunganishwa na hotspoti ya Android mara nyingi vinatambuana, lakini usitegemee. Fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye kishikwambi, gusa jina la simu yako, ukiambie kwamba huu ni mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Kwenye iPad kuna hali ya kutumia data kidogo, ilikuja na iPadOS 13 mwaka 2019, nayo unaiwasha kwa kila mtandao peke yake. Kazi ya nusu dakika, unaifanya mara moja.

Ya pili ndiyo inayowatoa watu jasho: simu ikiita. Uko kwenye kikao cha mtandaoni, kamera imewaka, unaeleza kwa nini kijiji kimoja hakijafikiwa. Simu inayorusha hotspoti inaita. Ghafla sura za watu wote kwenye kioo zinaganda, mmoja kinywa wazi, mwingine jicho moja limefumba. Sababu ni kwamba 4G kwa asili yake inabeba data. Sauti ya simu ya kawaida, kama simu yako haina uwezo wa kuibeba juu ya 4G, inaifanya simu ishuke hadi 3G au 2G kwa muda wote wa maongezi. Ikishuka 3G, unakwenda kwa kuchechemea. Ikishuka 2G, data inasimama hadi ukate. Teknolojia ya kupitisha sauti juu ya 4G yenyewe ipo, inaitwa VoLTE, ila inataka simu, laini na mnara vyote vikubaliane. Na kwa sisi tunaotembea na laini mbili, simu nyingi zinatumia redio moja kwa laini zote: ukipokea kwenye laini ya pili, data ya laini ya kwanza inakaa ikisubiri. Aliyepiga anauliza tu kama leo utapitia sokoni.

Kishikwambi cha laini hakina habari na hayo. Simu iite, uongee nusu saa, kikao kinaendelea. Kwa mtu ambaye riziki yake iko kwenye vikao vya mtandaoni, na namba yake ndiyo wateja wanayopiga, hii peke yake inatosha kuhalalisha ile dola 150. Au aweke data kwenye simu ya pili ya bei ndogo isiyopigwa na mtu. Wengi wana simu ya zamani imelala kabatini, kioo kimepasuka pembeni lakini 4G inashika vizuri. Kuna pia ruta ndogo za mfukoni, MiFi, ambazo kazi yake ni hiyo tu na haziitwi na mtu.

Chaji nayo. Simu inayorusha hotspoti inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, inaongea na mnara na inaongea na kishikwambi, na inapata joto. Ukiiacha kwenye dashibodi ya Land Cruiser saa saba mchana Dumila, itapunguza mwanga wa kioo na kasi ili ijiokoe, na wakati mwingine inazima chaji. Betri ya simu ya kawaida siku hizi ni kama mAh 5000. Galaxy Tab A9+ ina 7040. Kishikwambi cha Wi-Fi kinakaa na betri yake kubwa kikipumzika, mzigo wote anabeba mdogo wake. Kwenye treni ya SGR hilo si tatizo, chomeka simu kwenye soketi uendelee na kazi mpaka Dodoma. Kwenye milima ya Kilosa na ndani ya mahandaki yake mtandao ukikatika, umekatika kwa wote, wa laini na wa hotspoti. Nasisitiza kwa sababu nimewahi kuulizwa kwa dhati kabisa kama kishikwambi cha laini "kinavuta" mtandao mahali ambapo simu haivuti. Kama ni mtandao uleule na mnara uleule, usitegemee tofauti. Faida inakuja pale laini ya kishikwambi ikiwa ya mtandao mwingine, maana kijiji ambacho mmoja hana mnara, mwenzake anaweza kuwa nao.

Sasa njoo porini, ambako msimamo wangu unabadilika kabisa.

Mdadisi anatakiwa kuchukua nukta ya kaya, yaani mahali nyumba ilipo duniani, kwa GPS. Hapa kuna jambo ambalo muuzaji wa Kariakoo hatakuambia: iPad ya Wi-Fi haina kipokezi cha GPS kabisa. Apple wanakiweka kwenye ile ya laini tu. Ya Wi-Fi inakisia mahali ilipo kwa kuangalia mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, na kijijini Wi-Fi ya jirani ni ipi? Vishikwambi vingi vya Android vina GPS hata visivyo na laini, Samsung nyingi zikiwemo, lakini vile vya majina usiyoyajua vinavyouzwa kama vya watoto, soma karatasi yake vizuri. Mradi mmoja ukinunua vya kubahatisha, ramani itakayotoka itakuwa na kaya ziko katikati ya bwawa.

GPS yenyewe haili bando. Watu wengi hawaamini. Inasikiliza setilaiti, basi. Data inasaidia tu kuipata haraka zaidi mara ya kwanza. Ukimtazama mdadisi mzoefu utaona anavyofanya: anamaliza mahojiano, anaaga, anatoka chini ya bati, anakwepa mwembe, anasimama uwanjani pweke kama anayeomba mvua. Kwenye KoboCollect, programu ya kujazia madodoso, kuna namba inayoonyesha usahihi kwa mita. Inaanza 48. Inashuka 20, 12, 9. Kuku wanapita miguuni. Watoto wameshajikusanya wanamshangaa mtu anayekitazama kioo bila kukigusa. Ikifika chini ya 5 ndipo anahifadhi na kwenda kaya inayofuata. Mgeni kwenye kazi anachukua akiwa bado kibarazani, kwenye 60, na jioni mimi naona kaya tatu zote ziko juu ya nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji.

Mahojiano yenyewe hayahitaji mtandao hata kidogo. KoboCollect na wenzake ODK na CSPro, zote zinahifadhi dodoso ndani ya kifaa na kutuma baadaye. Mhasibu anaposikia hivyo ananirukia: basi laini ya nini? Nunueni vya Wi-Fi, jioni wote mkutane gesti, msimamizi awashe hotspoti, mtume. Kwa timu inayolala gesti moja mhasibu yuko sahihi, na tumefanya hivyo mara nyingi. Ruta moja mezani, vishikwambi vimeizunguka, wali unachelewa, kila mtu anahesabu madodoso yake yakipanda.

Ila timu si mara zote inalala pamoja. Wadadisi wanatawanywa, kila mmoja kijiji chake, wanapangishiwa kwa watendaji. Hapo hotspoti maana yake ni simu binafsi ya mdadisi, bando lake, na chaji yake mahali ambapo chaji ni ya kulipia kibandani. Kijana unamlipa kwa siku halafu unamtaka atume data ya mradi kwa MB zake alizonunua aongee na mchumba wake. Atatuma, lakini atatuma siku ya tatu, na kama kaya ilirukwa au dodoso lilikosewa, mimi nimegundua wakati gari limeshahama wilaya. Kishikwambi kikiwa na laini yake, yenye bando la mradi, data inaingia usiku uleule na asubuhi nampigia: "Mdogo wangu, kaya namba 14 umeandika baba ana miaka 31 na mtoto wa kwanza 24, rudi kamuulize." Hiyo "rudi kamuulize" inawezekana kwa sababu bado yuko kijijini.

Laini za mradi zinasajiliwa kwa jina la taasisi, kwa TIN na nyaraka zake, siyo kwa NIDA ya mdadisi. Sisitiza hilo. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zianze kuzimwa Januari 2020, kila laini ina mwenyewe, na ukibofya *106# unaona zilizo kwa jina lako. Ukimsajilishia kijana laini ya mradi kwa kidole chake, mradi ukiisha yeye ndiye mwenye laini inayozunguka ndani ya kishikwambi ambacho hajui kimeenda wapi. Mtu binafsi naye, akitaka laini ya pili ya mtandao uleule alionao, kuna utaratibu wake wa ziada. Wengi wanaona rahisi kuchukua ya mtandao mwingine kwa ajili ya kishikwambi, na kama nilivyosema, si jambo baya.

Wa kununua mtumba ajue kwamba kishikwambi cha laini kinakuja na mambo ya simu. Kina IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, na tangu Juni 2016 vifaa vyenye IMEI bandia vinafungiwa mitandao yetu. Baadhi ya vinavyotoka Marekani vimefungiwa mtandao wa huko. Vitawaka, vitang'aa, lakini laini yako havitaitambua. Nenda na laini yako dukani, ichomeke, fungua ukurasa wowote kabla hujatoa hela. Na iPad Pro na Air za kuanzia 2024 hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, laini ya kidijitali isiyochomekwa, kwa hiyo uliza kwanza kama mtandao wako unaitoa.

Kuna kero nyingine ya iPad ya laini ambayo inachekesha mpaka ikupate. Haipigi simu ya kawaida, kwa hiyo haina mahali pa kubofya nyota na reli. Bando letu sisi linanunuliwa kwa nyota na reli. Umekaa na iPad ya mamilioni, laini imo, salio limo, na huwezi kujiunga. Unatumia programu ya mtandao husika kama unaiweza, au unachukua simu yako na kuichagulia ile namba kwenye "nunulia mwingine". Yaani bado unahitaji simu pembeni. Samsung za laini zinazouzwa hapa kwa kawaida zinabofya vizuri na zinapokea SMS, na kwa mama yangu hilo ndilo lililoamua.

Mama ana kitochi. Kinakaa na chaji wiki nzima, kina tochi, na hataki kusikia habari ya kingine. Lakini anataka kuwaona wajukuu. Hotspoti gani utamwambia awashe? Wajukuu wakubwa wenye simu janja wako shule au wako mjini. Kishikwambi chenye laini ndicho pekee kinachoingia kwenye nyumba ile: kioo kikubwa, maandishi nimeyakuza, WhatsApp imesajiliwa kwa namba iliyo ndani yake. Kila Jumamosi namrushia bando kutoka Dar. Yeye kazi yake ni kugusa picha ya mtu anayemtaka. Nimezima kupakua kwa masasisho na video kujipakua zenyewe, maana kundi la jumuiya ya kanisani linaweza kumaliza GB mbili kwa siku ya kipaimara.

Kaka yangu aliyeko Columbus, Ohio, Marekani, alinishauri kinyume cha haya yote, na kwa kwake ana haki. Huko mtu ana mkataba wa mwezi wa data isiyo na kikomo kwenye simu, halafu hotspoti ina mgao wake pembeni, ukiisha kasi inadondoka. Kuongeza kishikwambi kwenye mkataba wa familia ni suala la kulipia kidogo kila mwezi. Ushauri mwingi unaousoma mtandaoni umeandikwa na watu wa mazingira hayo. Bando la kununua kwa wiki na kitochi cha mama havimo kwenye hesabu zao.

Sasa hivi nabishana na mtoto wa dada yangu anayekwenda UDOM. Nimemwambia achukue cha Wi-Fi: simu yake iko naye usiku na mchana, madarasani atatumia Wi-Fi ya chuo ikiwepo, na tofauti ya bei anunue pawabenki nzuri. Anakitaka cha laini. Nikamuuliza sababu, nikitegemea aniambie vikao au kasi.

"Mamdogo, hosteli tuko wanne chumbani. Nikiwa na bando kwenye simu kila mtu ataniambia niwashe hotspoti. Nikiwa nalo kwenye tablet, namwonyesha simu, namwambia sina kitu."

Nimemwongezea iliyopungua.